Hata Nikilia, Msinipe

Sanduku liliteremshwa Kigombe likiwa limelowa, na Dorkasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuligusa. Mvua ilikuwa imewakamata njiani walipotoka Tanga mjini. Turubai la kwenye pikapu halikutosha kufunika vyote, na Noa, mumewe, akachagua kufunika spika.

"Mbao haifi kwa maji," alisema. "Spika inakufa."

Ilikuwa Idi Pili. Uwanja wa mpira ulikuwa umefagiwa tangu asubuhi, na Hatibu, kijana mwenye maneno mengi aliyeongoza kikundi kilichowaalika, alikuwa akizunguka kijijini juu ya pikipiki akitangaza kwamba Profesa Noa ameshaingia, yule anayefungiwa sandukuni mbele ya macho yako na kutokea kisogoni kwako. Watoto wenye nguo mpya za sikukuu walikuwa wameshaanza kugombania mstari wa mbele.

Dorkasi alizunguka nyuma ya sanduku, akaweka kidole kwenye ubao wa chini. Kwa kuutazama ulikuwa kama wenzake. Lakini haukuwa na msumari hata mmoja. Ulikaa kwenye mfereji, na mtu aliyelala ndani akiusukuma kwa goti, uliteleza pembeni na kumpisha. Siku zote ulikwenda kwa kidole kimoja. Leo aliweka viganja viwili, akasukuma, na ubao ukamgomea.

"Baba Precious," aliita kwa sauti ya chini. Precious ni binti yao, ambaye siku hiyo alibaki nyumbani kwao Nguvumali, Tanga mjini. "Njoo uone. Ubao umevimba."

Noa alikuja na kipande cha mshumaa. Akapaka nta kwenye mfereji, akasukuma, ubao ukaenda nusu. Akasukuma tena kwa nguvu, ukaenda wote huku ukilia.

"Unakwenda."

"Unakwenda kwa kulazimishwa. Tuliache sanduku leo. Kamba zipo, mayai yapo, leso zipo."

"Watu hawakuvaa nguo za Idi kuja kuangalia mayai," alisema Noa. "Jua hili litalikausha. Kufikia alasiri litakuwa sawa."

Dorkasi alinyamaza. Baadaye alijilaumu sana kwa kunyamaza kule, ingawa alimjua mumewe: ukimbishia mara ya pili, anaingia ndani ya sanduku kwa hasira badala ya kuingia kwa akili.

Walikuwa wameoana kwa sababu ya kitunguu. Dorkasi alitoka milima ya Lushoto akiwa msichana, akawa anauza mboga sokoni Tanga mjini. Siku moja kijana mwembamba, mtoto wa mkata mkonge wa Muheza, alisimama mbele ya meza yake, akaokota kitunguu, akakifunika kwa leso, kitunguu kikatoweka. Watu wakashangilia. Dorkasi akapiga kelele, "Kimo kwenye mkono wa shati!" Watu wakacheka, wakatawanyika, na yule kijana akabaki ameinamisha kichwa. Kesho yake akarudi, si kwa ugomvi.

"Uliona vipi?" aliuliza. "Hakuna aliyepata kuona."

"Wenzangu walitazama mkono uliokuwa unapunga. Mimi nilitazama kitunguu changu."

Baada ya ndoa, yeye ndiye aliyemwambia ukweli ambao hakuna mtu mwingine aliyethubutu kumwambia: kwamba mazingaombwe yake yalikuwa ya ustadi lakini hayakuwa na utamu. "Unakuja kuwashinda watu," alimwambia, "halafu unataka wakupigie makofi. Nani anafurahia kushindwa? Watu hawachukii kudanganywa. Wanachukia kudanganywa bila kuombwa ruhusa. Waombe. Wape na wao kazi, wawe wezi pamoja nasi."

Hapo ndipo alipoubuni mchezo wa ufunguo. Noa alikuwa na sanduku tangu zamani, lakini lilikuwa mchezo mkavu: mtu anaingia, anafungiwa, anatokea kwingine, basi. Dorkasi aliwapa watazamaji ufunguo. Tangu siku hiyo sanduku likawa gumzo kuanzia Muheza hadi Pangani, na Noa mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi kazi yangu ni kutoka tu. Mchezo wenyewe ni mke wangu."

Alasiri uwanja ulifurika. Wanaume walisimama nyuma, wanawake walikaa mikekani na kwenye viti vya plastiki upande wa kivuli, na watoto walikuwa kila mahali. Noa alifungua kama kawaida yake, suti nyeusi, kofia mkononi.

"Mimi si mganga," alisema. "Wala si mchawi, Mungu apishe mbali. Nimekuja kuwadanganya mchana kweupe. Mnaniruhusu?"

"Ruksaaa!" uwanja ulijibu.

Akacheza na kamba, ikakatika ikaunga. Akamtoa mtoto yai sikioni, na mtoto akashika sikio lake mpaka mwisho kana kwamba lingine litafuata. Kisha sanduku likasogezwa katikati, pazia jeusi nyuma yake, na watu wakaacha kutafuna. Dorkasi alikijua vizuri kimya kile. Hakuna asiyefikiria jeneza akiona mtu mzima anakunja magoti na kulala ndani ya sanduku. Hofu kidogo ni kama chumvi, alikuwa akisema. Mchezo usio nayo haumezeki.

Kufuli hawakutumia la kwao, maana watu wangesema ni bandia. Aliomba mwenye kufuli ajitokeze. Akaja Miraji, mchuuzi wa samaki, mtu wa miraba minne, na kufuli zito la shaba alilofungia sanduku lake la barafu. Akalifunga mwenyewe, akalivuta kwa mikono miwili watu waone. Dorkasi akachukua ufunguo, akauinua juu.

Jukwaani Dorkasi aliongea Kiswahili cha pwani, kile cha kuvuta na kutia madaha, hata hungejua kwamba kwao ni mlimani.

"Enyi watu wa Kigombe! Ufunguo huu si wangu tena, wala si wa Miraji. Ni wenu. Upitisheni. Nyuma ya mgongo, kwapani, chini ya kanga, mtakavyo. Mimi nitautafuta. Nitawabembeleza, nitawatisha, nitalia. Nawaambieni mapema: mimi mwongo! Nikiuliza nani anao, semeni sina. Hata nikilia, msinipe!"

"Hatukupi!"

"Hata nikigaagaa?"

"Hatukupi!"

Akautupia mstari wa mbele, na uwanja mzima ukawa mkono mmoja mkubwa wenye siri. Watu waliimba na kupiga makofi, mabega yakigongana, kila mmoja akijifanya ndiye anayepitisha. Hapo ndipo raha ilipokuwa. Mzee wa watu aliyekuja na bakora alikuwa anaficha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Wasiopatana walikuwa wanakonyezana.

Dorkasi aliegemeza sikio sandukuni, kwa madaha, kama anayesikiliza mgonjwa. Zikaja zile ngo, ngo mbili ndogo za chinichini, ishara yao: natoka sasa. Akaondoka kwenda kwa watu. Kazi yake ilikuwa kuyachukua macho yote na kuyapeleka mbali na pazia, huku Noa akipita nyuma ya darasa la shule iliyopakana na uwanja, akizunguka uwanja, hadi atokee nyuma ya wanaume na kumgusa mmoja begani: "Samahani ndugu, ufunguo wangu nani anao?"

Alimkagua huyu kiganja, akamnusa yule kofia. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Kila baada ya muda alitupia jicho nyuma kabisa ya uwanja. Palikuwa na mbuzi tu, anatafuna ganda la muwa.

Kisha sanduku likagonga.

Haikuwa ngo ndogo. Ilikuwa kishindo cha goti, na kingine, na kingine. Uwanja ukapasuka kwa kicheko. "Profesa anataka kutoka!" mtu alipaza sauti. "Mwambie asubiri!"

Baada ya ishara Noa hagongi tena. Mtu aliyetoka sandukuni atagongaje? Dorkasi alitembea hadi pazia, bado akitabasamu kwa sababu uso wake haukujua namna nyingine ya kuwa mbele ya watu, akapenya nyuma, akapiga magoti.

"Noa!"

"Sukuma." Sauti ilikuwa kama inatoka ndani ya mto wa kulalia. "Mama Precious, sukuma."

Aliukamata ubao kwa kucha. Ulikuwa umepinda, jua lilikuwa limeukausha upande mmoja na kuuacha upande mwingine na maji yake, ukajibana kwenye mfereji kama jino. Alivuta mpaka ukucha mmoja ukang'oka. Hakuna kilichosogea. Sanduku lilipakwa rangi nyeusi, lilikuwa la moto kama bati la jikoni, na mbao zilizovimba zilikuwa zimeziba kila upenyo wa hewa.

"Siwezi," alisema.

"Ufunguo," Noa alisema. Kisha akakohoa, na Dorkasi akamsikia akihema haraka haraka, kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

Alitoka mbio. "Ufunguo! Nipeni ufunguo! Mume wangu amekwama kweli!"

"Hatukupi!"

Hakuna watu walioshika neno lao kama wale. Kila aliyemwendea alifungua viganja vitupu na kucheka machozi. "Sina, dada." "Mimi pia sina." Alimshika Miraji shati. "Una ufunguo wa pili?"

"Uko nyumbani," Miraji alisema, akiwakonyeza wenzake, "na huo pia sikupi!" Akapigiwa makofi.

Alimgeukia Hatibu, akamwambia mchezo umeharibika. Hatibu akachukua kipaza sauti na kutangaza kwa furaha, "Jamani, mama anasema mchezo umeharibika! Tumpe?"

"Hatumpiii!"

Kishindo cha sandukuni kilikuwa kimeanza kupoteza nguvu.

Kwenye viti vya wanawake alikaa Bi Sabra, mama mtu mzima wa pale kijijini, mnene, mcheshi, aliyefanyiwa nafasi kwa heshima. Dorkasi alimwona namna anavyobana mkono mmoja chini ya kanga. Akaenda, akaanguka miguuni pake, akamshika magoti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Shikamoo bibi. Bibi yangu, mume wangu anakufa mle ndani. Nakuomba kwa Mwenyezi Mungu."

Bi Sabra alimtazama machoni. Akacheka mpaka mabega yakatikisika, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sinao, mwanangu," alisema. "Hebu mwulize Miraji tena."

Wanawake walipiga vigelegele.

Ndipo Dorkasi alipoelewa kwamba hana neno lililobaki. Kilio, kiapo, jina la Mungu, kupiga magoti, vyote alikuwa ameshavitumia, mwaka baada ya mwaka, katika kila kijiji, tena kwa ufundi. Alikuwa amewafundisha watu wasimwamini, na wamefuzu. Akapiga kelele kwa Kishambaa, lugha ya mama yake, maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka, na kuna waliomwigiza.

Akasimama. Kilibaki kitu kimoja tu ambacho hakuwahi kuwafanyia watazamaji, na hakuna mcheza mazingaombwe anayekifanya.

Alikimbilia pazia, akalishika kwa mikono miwili, akaling'oa. Nguzo zikaanguka. Akaweka bega kwenye kona ya sanduku, akasukuma kwa uzito wote aliokuwa nao, miguu ikiteleza kwenye majani, mpaka sanduku likageuka na mgongo wake ukawaelekea watu.

"Tazameni!" Sauti ya pwani ilikuwa imemtoka, ilibaki sauti ya mwanamke wa mlimani anayeita ng'ambo ya bonde. "Huu ndio mlango! Ubao huu hauna msumari, tazameni! Anatoka hapa, anapita nyuma ya lile darasa, anakuja kuwashika mabega. Hakuna lingine. Hakuna uchawi, hakuna uprofesa, ni ubao huu tu. Nimewapa siri yote. Leo umekwama. Hajatoka! Yumo humu!"

Wimbo ulikatika kama umeme ulivyozoea kukatika, ghafla na kila mahali. Wote walikuwa wanautazama ule ubao, ubao mnyonge tu, na alama za damu ya kucha zikiwa juu yake.

Sandukuni hakukusikika kitu.

"Huu hapa," alisema Bi Sabra. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akapiga ukelele: "Huu hapa! Chukueni! Yaa Rabi, chukueni!"

Hakuweza kusimama haraka. Akampa aliye jirani, huyo akampa wa mbele, na ufunguo ukarudi kwa njia ile ile uliyoendea, mkono kwa mkono, bila wimbo. Dorkasi hakuuona, aliona vichwa vikiinama na kuinuka. Mahali fulani katikati uliponyoka, watu wakapiga magoti wakipapasa majani. Hatibu na wenzake walikuwa wameshaleta panga, wanajaribu kuingiza ncha kwenye mfereji wa ubao, lakini waliogopa kumchoma aliyemo.

"Nimeupata!" mtoto wa kike alisema, akaunyosha juu. Miraji akaupokonya, akafungua mwenyewe.

Noa alikuwa amelala kiubavu, shati limegandana na mwili, midomo imebadilika rangi. Walimwinua kama maji yanavyoinuliwa kwa viganja, kwa hofu ya kumwaga. Wakamlaza majanini. Dorkasi alimpiga makofi mashavuni, akamwita kwa jina lake, akamwita tena. Watu wote wale walikuwa wanasubiri pumzi ya mtu mmoja.

Ilikuja kwa mkoromo, kama mlango wenye kutu.

Wakampakia kwenye pikapu, wakampeleka zahanati. Gari lilipokuwa linatoka uwanjani, Dorkasi alimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake, "Hawa ni kiboko. Umeona walivyoigiza?"

Bi Sabra alikuja zahanati kabla jua halijazama, ameshikwa mkono na mjukuu. Noa alikuwa amelala na dripu mkononi, anapumua vizuri. Bi Sabra hakukaa kwenye benchi aliloonyeshwa.

"Ulinitazama machoni, mwanangu," alisema. "Nami ninao mkononi, nikakukana. Nilidhani, nilidhani..." Akaikunja ncha ya kanga yake. "Sijapata kufurahi vile tangu marehemu mume wangu. Hilo ndilo linaloniuma. Nilifurahi."

Dorkasi alimkalisha, akamshika mikono. "Mimi ndiye niliyekufundisha, bibi. Nilisema hata nikilia."

Wakalia wote wawili, na mjukuu akatoka nje kwa aibu.

Noa alipona mwili upesi. Lililobaki lilikuwa jingine. Mtu fulani alikuwa amerekodi kila kitu kwa simu, na kabla wiki haijakatika pazia lilikuwa linaanguka kwenye simu za mji mzima. Nguvumali wanafunzi walimpita Noa barazani kwake wakisema, "Profesa, mlango!" Shule moja iliyokuwa imewaalika ikapiga simu kuahirisha. Familia moja yenye arusi nayo ikaahirisha. Noa akilala alifungua madirisha yote. Siku moja Precious alifunga mlango wa chooni akiwa nje bila kujua kuwa baba yake yumo, na kelele alizozipiga Noa ziliwafanya majirani waje.

"Ulituvua nguo mbele za watu," hatimaye alimwambia mkewe.

"Ningefanyaje?"

"Sijui. Nimetafuta jibu siku zote hizi, silioni. Ndiyo maana nina hasira."

Dorkasi aliondoka, akaenda uani. Kwa kipindi fulani alikuwa akienda uani kila alasiri na kufunga mlango wa ua, na Noa hakuuliza.

Kisha simu ikaja kutoka Mkwaja. Mzee Abdulghani alikuwa anamwoza binti yake, na shemeji yake aliyekuwapo Kigombe siku ile alimshauri. "Simtaki profesa," alisema yule mzee bila kuzunguka. "Namtaka yule mama. Na msilete sanduku. Nina wagonjwa wa moyo."

Dorkasi alikubali kabla hajamwuliza mumewe. Alipomweleza, Noa aliuliza, "Nami niende nikafanye nini?"

"Ukae na watu. Hujapata kukaa nao hata siku moja."

Huko Mkwaja walitandikiwa mikeka mbele ya nyumba ya arusi. Noa alikaa mstari wa pili, kofia mapajani, hajui mikono aiweke wapi. Dorkasi alisimama peke yake, bila pazia, gauni la kawaida na kilemba. Alijua wanachokisubiri, na hakikuchelewa.

"Mama!" mwanamume mmoja alipaza sauti. "Mlango leo uko wapi?"

Kicheko kikatanda. Noa alitazama chini.

"Leo mlango ni wewe," Dorkasi alimjibu. "Jina lako?"

"Tahiri."

"Tahiri, nenda kwenye lile rundo la madafu. Chagua lolote. Ligonge, litikise, likatae, chukua lingine. Ukiridhika, likalie."

Watu walipenda hilo. Tahiri alikwenda, akachagua kwa mbwembwe, akabadili, akabadili tena, akaja akalikalia mbele ya wote. Kisha Dorkasi akaomba pete. Si pete yoyote: pete ya ndoa, kutoka kwa mtu asiyetaka kuitoa. Macho yote yakamwendea Asmahani, shangazi wa bibi arusi, mjane, aliyekuwa na pete nyembamba ya dhahabu na uso usio na mzaha.

"Hii haijatoka kidoleni tangu nivalishwe," alisema Asmahani.

"Ukisema hapana, shangazi, naiheshimu hapana yako. Tutafanya jingine."

Dorkasi hakumbembeleza, hakulia. Alisubiri tu, mkono wazi, na kule kusubiri kulikuwa kugumu kuliko kilio chochote. Noa alijikuta ameinua shingo. Asmahani aliizungusha pete, akailowesha kwa mate, ikatoka kwa shida. Akaiweka kiganjani mwa Dorkasi na kusema, "Nimekuamini."

Dorkasi alifumba kiganja. Akakipuliza. Alipokifumbua hakikuwa na kitu.

Hakuna aliyecheka. Uso wa Asmahani uligeuka jiwe. Wanawake waliomzunguka walisogea karibu naye, na mmoja akaguna. Noa alisahau kwamba yeye ni wa upande gani. Alitazama mikono ya mkewe, akatazama mikono ya gauni, akatazama kilemba, mahali pote ambapo yeye angeficha, na hakuona kitu. Pete ya mjane. Ikipotea hii, alifikiri, hatutoki Mkwaja salama.

"Tahiri, inuka. Lete panga."

Tahiri alilichonga dafu mwenyewe, pande kwa pande, mbele ya macho yao. Lilikuwa zima, halina tundu wala mkwaruzo. Akalitoboa, akamimina maji polepole ndani ya bilauri ambayo Asmahani mwenyewe aliishika. Maji yalishuka. Yakashuka. Yakaisha. Hakuna kitu.

"Tikisa," alisema Dorkasi, na sauti yake ilitetemeka kidogo, na hakuna aliyejua kama ni kweli au la.

Tahiri alitikisa. Kitu kikagonga ndani. Akapasua dafu kwa pigo moja, na kwenye ule utando mweupe pete ilikuwa imekaa, inang'aa.

Mkwaja ililipuka. Asmahani aliichukua, akaigeuza kutafuta alama aliyoijua mwenyewe kwa ndani, akaiona, akafunika uso kwa mtandio akicheka na kulia. Tahiri alikuwa anazunguka na vipande vya dafu akiwaapia watu kwamba yeye hajui lolote, wallahi hajui. Na katika mstari wa pili Noa alikuwa amesimama, kofia imeanguka, mdomo wazi, anapiga makofi juu ya kichwa kama mtoto.

Njiani kurudi, wakisubiri kivuko cha Pangani, hakuweza kuvumilia.

"Dorkasi," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu siku ile ya Kigombe. "Umefanyaje?"

"Nini?"

"Usinifanyie hivyo. Tahiri ulimpanga?"

"Nimemwona leo kwa mara ya kwanza."

"Basi pete ni mbili."

"Mwulize Asmahani."

Midomo ya Noa ilikuwa ikichezacheza. Kivuko kilifika, magari yakaanza kushuka. Alikuwa na uso ambao mkewe hakuwa ameuona kwake tangu walipooana, uso wa watu wa mstari wa mbele.

"Usiniambie," alisema ghafla, akimshika mkono. "Subiri kwanza. Nitajua mwenyewe."

Hadi sasa hajajua. Sanduku walimpa jirani, akaling'oa kifuniko na kufugia vifaranga. Wakialikwa, Noa ndiye anayebeba spika na kutangaza, kisha anateremka na kukaa na watu. Dorkasi akiomba pete, humwona akiinamia mbele kuliko wote, macho kwenye mikono yake, hapepesi.

"Ni panga," alimwambia juzi wakila. "Panga lina kitu."

"Panga lilikuwa lao," alisema Dorkasi, akamwongezea mchuzi.